Nani Alipie Pori? Hiba Kubwa na Kazi ya Mchangishaji Mjini Kampala

Tangu tarehe 20 Januari 2025, Marekani ilipoamuru misaada yake ya nje isimamishwe kwa siku 90, na hasa tangu tarehe 1 Julai ya mwaka huohuo, shirika la USAID lilipofungwa rasmi, mazungumzo ya Kampala juu ya uhifadhi wa wanyamapori yametawaliwa na kauli mbili zinazopingana, ambazo mtu mmoja huweza kuzitamka zote katika kikao kimoja bila kuona haya. Kauli ya kwanza ni kwamba mbuga za Uganda zinajilipia zenyewe, madhali mgeni atokaye ng'ambo kwenda kuwaona sokwe wa milimani katika msitu wa Bwindi hulipa dola 800 kwa saa moja tu ya kuwatazama. Ya pili ni kwamba mbuga hizo zimelishwa na wafadhili miaka yote, na mfadhili akikunja mkono, majangili watakunjua wao. Katikati ya kauli hizi amesimama mtu ambaye wengi hawamfahamu, naye ni mwajiriwa wa asasi ya uhifadhi ambaye hakamati majangili wala hatibu wanyama, bali huwatafuta watu wachache wenye ukwasi na kuwaomba watoe hiba kubwa. Wako wamwitao ombaomba aliyevaa tai, wako wamwonao dalali wa wageni, na wako wadhanio kwamba pasipo yeye hata askari mmoja wa hifadhi hangepata buti. Ili hukumu iwe ya insafu, yafaa kwanza kueleza kazi yake na chimbuko lake, kisha kuzipima rai zinazogombana juu yake.

Kazi yenyewe

Asasi ya uhifadhi hupata fedha kwa njia tatu ambazo aghalabu huchanganywa. Iko ruzuku, itolewayo na serikali ya kigeni au taasisi kubwa kwa kufuata andiko la mradi lenye jedwali la shughuli na tarehe ya mwisho. Uko mchango mdogo wa watu wengi, kama ule ambao Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yaani UWA, iliujaribu mwaka 2009 kwa kampeni iliyoitwa Friend a Gorilla, ambapo mtu aliweza kufanya urafiki na sokwe kwa dola moja kupitia mtandao. Na iko hiba kubwa, itokayo mfukoni mwa mtu mmoja au familia moja, ambayo haiji kwa andiko bali kwa imani, na imani haina tarehe ya mwisho ya kupokea maombi.

Hiyo ndiyo sababu kazi ya mchangishaji huonekana kwa mtu wa nje kama uvivu wenye posho. Mgeni amefika Bwindi, amepanda mlima na wenzake saba, kwani kundi halizidi watu wanane, amekaa saa yake mbele ya familia ya sokwe, kisha ameshuka na matope viatuni na moyo uliolainika. Mtu wa namna hiyo huahidi mengi hotelini jioni ile na kuyasahau afikapo uwanja wa ndege wa Entebbe. Mchangishaji huanza kazi hapo usahaulifu unapoanza: huandika barua ya kwanza isiyo na ombi lolote, hupeleka habari fupi za msimu, humkumbuka sokwe yule ambaye mgeni alimpiga picha na kumwarifu kwamba amezaa, humwalika tena, na baada ya mwaka, pengine miaka, ndipo huomba, na huomba kwa kutaja kiasi, maana tajiri asiyetajiwa kiasi hutoa kile kinachomwondolea aibu, si kile alichokuwa na uwezo wa kutoa.

Anachokiombea nacho chataka kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Chukua kituo cha askari kando ya mto Nile katika Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, cha namna ile ambayo asasi ya Uganda Conservation Foundation imejenga kwa kushirikiana na UWA hapo na katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Kinahitaji nyumba ya mabati, tangi la maji, paneli za sola, redio ya mawasiliano na mashua ya injini. Vyote hivyo hupata mfadhili bila shida kubwa. Kisha kinahitaji petroli ya mashua, mshahara wa fundi, na fedha ya kurudishia injini itakapochakaa, na hapa mfadhili hutazama saa yake. Mashua ina ubavu wa kuandikwa jina la mtoaji, petroli haina. Mchangishaji hodari hajulikani kwa mashua alizopata, kwani mashua hujiombea zenyewe, bali kwa lita za petroli alizoweza kuzifunga ndani ya ombi la mashua pasipo kumdanganya mtu.

Lipo pia jambo la kisheria ambalo huamua mengi kimyakimya. Mlipakodi wa Uingereza akitoa pauni moja kwa asasi iliyosajiliwa huko, serikali yake huongeza peni 25 juu yake kwa utaratibu uitwao Gift Aid, na Mmarekani naye huweza kupunguziwa kodi akitoa kwa asasi inayotambuliwa kwao. Kwa hiyo asasi ya Kampala iliyo na ndugu yake aliyesajiliwa London au Washington huanza mashindano ikiwa mbele, ilhali asasi isiyo na ndugu huko, hata ikiwa na watu bora zaidi msituni, hubaki ikigombania ruzuku. Hiba kubwa hufuata kwanza njia ya kodi, ndipo ifuate sifa ya kazi.

Usuli

Utegemezi huu haukuanza jana. Hifadhi za Malkia Elizabeth na Murchison zilitangazwa mwaka 1952, chini ya dola ya kikoloni ambayo haikumwomba mwananchi mchango wala ruhusa. Mwaka 1960 mwanabaiolojia wa Kiingereza, Julian Huxley, alizuru Afrika Mashariki kwa niaba ya UNESCO, na makala alizoziandika katika gazeti la Observer baada ya safari hiyo zikachochea kuundwa kwa shirika la WWF mwaka 1961. Septemba ya mwaka huohuo, mjini Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko lililoahidi kuwatunza wanyamapori kama amana ya vizazi vijavyo, na papo hapo likakiri kwamba kazi hiyo yahitaji maarifa maalumu, watumishi waliofunzwa na fedha, na likayaomba mataifa mengine yashirikiane. Nchi zetu ziliupokea uhuru na ombi la msaada wa wanyamapori karibu siku moja.

Muhimu zaidi kwa mada hii ni jambo lililofanyika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, aliyekuwa rais wa WWF, aliwakusanya matajiri 1,000, naye mwenyewe akakamilisha hesabu ya 1,001, kila mmoja akatoa dola 10,000, zikapatikana dola milioni 10 zilizowekwa wakfu ili faida yake ilipie gharama za uendeshaji za shirika. Muradi wake ulikuwa wa busara: mchangiaji mdogo aambiwe bila uongo kwamba fedha yake yaenda porini, kwa kuwa kalamu, viti na mishahara ya makao makuu vimekwisha kulipiwa. Basi na izingatiwe kinaya chake, kwamba matajiri walipokaa wao kwa wao walikubali mara moja kuwa ofisi haiendeshwi kwa hewa, lakini asasi ya Kampala ikiomba mishahara ya ofisi yake leo, huulizwa kwa nini gharama zake za utawala ni kubwa.

Uganda nayo iliwahi kuonja wakfu. Mwaka 1994, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira Duniani zilizopitia Benki ya Dunia, uliundwa mfuko wa msitu wa Bwindi na Mgahinga, wenye mtaji wa dola milioni 4 uliowekezwa nje ya nchi, na faida yake ikagawiwa kwa uwiano wa asilimia 60 kwa maendeleo ya wanavijiji, 20 kwa utafiti na 20 kwa usimamizi wa hifadhi. UWA yenyewe ilizaliwa mwaka 1996 kwa kuunganisha idara ya wanyamapori na mamlaka ya hifadhi za taifa. Baada ya hapo asasi zikaota kama uyoga baada ya mvua za masika, nyingi zikiwa na makao Kampala na Entebbe, na wachangishaji wakafuata.

Rai ya kwanza: hiba kubwa ndiyo nguzo

Watetezi wa hiba kubwa wana hoja nzito, na wapinzani wao huitendea dhulma wanapoifanya kuwa tamaa tupu. Hoja yao ya msingi ni uhuru na wepesi. Ruzuku ya serikali ya kigeni hufuata siasa za wapiga kura wa mbali, na mwaka 2025 umetoa ithibati. Utalii nao hufuata amani na afya ya dunia. Mwaka 2020, uwanja wa Entebbe ulipofungwa kwa sababu ya korona, mapato ya vibali yalikauka, njaa ikaingia vijijini, na mwezi Juni dume kiongozi wa sokwe aliyejulikana kwa jina la Rafiki akauawa kwa mkuki msituni Bwindi na mtu aliyekuwa akiwinda wanyama wadogo, ambaye baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Katika miezi kama hiyo, mtu mmoja mwenye fedha na imani huweza kufanya kwa barua moja kile ambacho bunge la nchi tajiri lingekijadili mwaka mzima.

Hoja ya pili ni subira. Huko Budongo, kituo cha utafiti wa sokwe mtu kilichoanzishwa mwaka 1990 kimekuwa kikitegemea kwa kiasi kikubwa, tangu mwaka 2005, jumuiya ya Uskochi inayoendesha bustani ya wanyama ya Edinburgh. Kazi ya kila siku ya wafanyakazi wake haina mvuto wa picha: ni kupita msituni kutafuta vitanzi vya waya, pengine waya wa breki ya baiskeli, vilivyotegewa funo na nguruwe mwitu, lakini ambavyo hukamata kiganja cha sokwe mtu na kumwacha kilema wa maisha. Kitanzi kikiondolewa leo, kingine hufungwa wiki ijayo. Hakuna mradi wa miaka mitatu uwezao kulitatua jambo hilo. Linataka mlipaji asiyechoka.

Udhaifu wa rai hii ni kwamba imani ya mtu hufa pamoja na mtu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu ambaye taasisi yake ina tawi Uganda, alisafiri duniani kwa muda mrefu wa uzee wake, karibu siku 300 kwa mwaka, akihutubia na kuchangisha, na mauti yalimkuta tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa bado katika ziara ya mihadhara nchini Marekani, na umri wa miaka 91. Hakuna asasi iwezayo kuajiri mrithi wa uso ule. Nje ya uhifadhi, watu wa Kampala wanao mfano juu ya kilima cha Old Kampala: msikiti wa taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, ulijengwa kwa ukarimu wa Muammar Gaddafi wa Libya, na alipoangushwa mwaka 2011 jengo lilibaki imara ilhali mkono uliokuwa ukilitunza haukuwapo tena.

Na hata mtoaji akiwa hai na mwenye ikhlasi, hiba haitibu kasoro iliyo chini yake. Vifaru walitoweka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Asasi ya Rhino Fund Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1997, iliwarejesha vifaru weupe katika eneo la Ziwa huko Nakasongola: 4 kutoka Solio, Kenya, mwaka 2005, na 2 kutoka bustani ya Disney, Marekani, mwaka 2006. Ndama wa kwanza alizaliwa mwaka 2009, na kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, akaitwa Obama, jina ambalo mchangishaji yeyote angelilipia. Vifaru wakaongezeka hadi kupita 30, wakilindwa usiku na mchana kwa fedha za wahisani. Lakini ardhi ilikuwa ya mtu binafsi; mwaka 2021 mwenye ardhi na asasi wakahitilafiana, asasi ikaondoka, na UWA ikaingia kusimamia vifaru. Wanyama walisalimika. Walakini wafadhili waliolipia uzio na walinzi kwa zaidi ya muongo waligundua kwamba hakuna kati yao aliyelipia jambo lililokuwa la kwanza kwa umuhimu, yaani haki ya kudumu ya mahali penyewe, kwa sababu hati ya ardhi haipigwi picha ikapendeza.

Rai ya pili: mwenye fedha na mwenye pori

Kundi la pili husema kwamba tatizo si uhaba wa hiba bali hiba zenyewe. Wakenya wawili, John Mbaria na Mordecai Ogada, waliitoa hoja hii kwa ukali katika kitabu chao cha mwaka 2016, wakidai kwamba uhifadhi katika eneo letu umekuwa hadithi inayosimuliwa na wageni kwa wageni, huku Mwafrika akitokea kama jangili au mbeba mizigo. Mtu aweza kukataa ukali wa lugha yao, lakini atapata taabu kukataa kisa cha Batwa. Hawa walikuwa wakazi wa misitu ya Bwindi na Mgahinga tangu kale, wakatolewa hifadhi hizo zilipotangazwa mwaka 1991 bila kupewa ardhi. Na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakubali kwamba wameachwa katika hali duni na kwamba hatua za kuwarekebishia zinapasa, ikalielekeza shauri Mahakama Kuu. Miaka 30 ilipita, na katika miaka hiyo barua ngapi nzuri zilikwenda ng'ambo kusifu msitu usioguswa! Yafaa kuongeza, kwa ajili ya insafu, kwamba ule mfuko wa wakfu wa Bwindi ndio uliowanunulia ardhi baadhi ya familia za Batwa. Mfuko wenye mtaji wake na bodi ya nchini uliweza kuliona jambo ambalo mfadhili wa picha hakuliona.

Hoja hii hupata makali zaidi pale mtoaji anapokuwa na maslahi katika pori lenyewe. Mradi wa mafuta wa Tilenga, unaoongozwa na kampuni ya TotalEnergies, una maeneo 10 ya visima ndani ya Hifadhi ya Murchison, na mafuta yake yatapita katika bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Kampuni hiyohiyo iliahidi kugharimia ongezeko la askari wa hifadhi kwa asilimia 50, na yasema kwamba mradi utaacha faida kwa viumbe kuliko hasara. Huenda ahadi itatimizwa kwa ukamilifu, na askari aliyelipwa na kampuni ya mafuta hukamata jangili sawasawa na mwingine. Swali haliko kwa askari. Liko kwa asasi: ikiwa imepokea fedha za kampuni hiyo, je, siku ripoti ya wanasayansi wake itakapoonyesha kwamba tembo wanakwepa taa na kelele za mitambo, itachapishwa ikiwa na maneno yaleyale iliyoandikwa nayo? Asasi nyingi zitajibu ndiyo, na nyingi zitakuwa wakweli. Lakini msomaji wa ripoti hana namna ya kujua, na shaka hiyo ya msomaji ndiyo gharama ambayo haimo katika hesabu za mkaguzi.

Udhaifu wa rai hii ni kwamba huishia katika lawama. Ukimkataa mfadhili wa ng'ambo, ukaikataa na kampuni, lazima useme petroli ya mashua itatoka wapi Jumatatu, na wengi wa wakosoaji hunyamaza hapo.

Rai ya tatu: pori lijilipie

Kundi la tatu hujibu kwamba petroli hiyo itatoka sokoni. Sheria hutenga asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi kwa ajili ya jamii jirani, na dola 10 katika kila kibali cha sokwe huenda kwao pia. Daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka, aliyeanzisha asasi ya Conservation Through Public Health mwaka 2003, aliongeza njia ya kahawa: mkulima wa kando ya Bwindi hulipwa bei nzuri zaidi, asipate haja ya kuingia msituni, na sehemu ya mauzo hurudi katika uhifadhi. Sokwe wa milimani, waliohesabiwa kuwa 1,063 kwa jumla ya sensa mbili za Virunga na Bwindi, ndio takriban sokwe pekee wa porini ambao idadi yao imepanda.

Sifa hizi ni za kweli kwa Bwindi. Haziendi mbali zaidi. Sokwe ndio wanaolipia sehemu kubwa ya mbuga nyingine zisizo na wageni wa kutosha, na viko viumbe na mahali ambavyo havitakuwa na kibali kamwe. Ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, ni ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa ya Ramsar tangu mwaka 2006 na makao ya ndege wahamao kwa makundi makubwa. Lakini faida yake kuu ni kuchuja maji machafu kabla hayajafika ziwani, na hapana mtu awezaye kukata tiketi ya kutazama maji yakichujika. Soko hulipia kile kinachoonekana. Kwa hilo halitofautiani sana na tajiri wa mashua.

Rai ya nne: Waganda wenyewe

Rai ya nne ndiyo inayopendeza masikioni, na kwa hiyo yataka hadhari zaidi. Kwamba Waganda ni watoaji halina mjadala. Hapana mkazi wa Kampala ambaye hajaketi katika kikao cha harusi, akasimamishwa mbele ya watu ataje ahadi yake, ikaandikwa daftarini na kudaiwa kwa simu hadi ilipwe. Na mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kama zile za Rotary za kupambana na saratani, hujaza barabara watu walionunua fulana ili kuchangia afya. Zaidi ya hayo, Baganda wana koo zaidi ya 50, na karibu kila ukoo una muziro wake, aghalabu mnyama ambaye watu wake hawamli: fungo kwa ukoo wa Ffumbe, pongo kwa ukoo wa Ngabi, fisi maji kwa ukoo wa Ngonge. Koo hizo hushindana kila mwaka katika mpira wa miguu na huchanga jezi na mafuta ya basi bila kuomba ruzuku popote. Asasi iliyo na wachangishaji wanaojua kumwandikia mjane wa Boston barua ya kurasa nne, lakini isiyowahi kubisha kwa mkuu wa ukoo ambaye jina lake ni jina la mnyama inayemlinda, imeacha shamba lililo mlangoni ikaenda kulima la ng'ambo.

Hata hivyo vizuizi ni vya kweli. Sheria ya kodi ya mapato humruhusu mtoaji kuondoa hiba katika mapato yanayotozwa kodi mwisho wake asilimia 5, na ni kwa asasi zilizotambuliwa na Mamlaka ya Mapato tu. Matajiri wakubwa wa nchi ni watu wa sukari, hoteli na majengo, na maslahi yao hukutana na msitu: mwaka 2007 serikali ilipotaka kuikatia kampuni ya sukari ya familia ya Mehta karibu hekta 7,100 za msitu wa Mabira, watu waliandamana Kampala, maandamano yakageuka ghasia na watu wakafa, na mzozo wa sukari katika msitu wa Bugoma umefuata nyayo hizohizo. Kwa hiyo wanaodhani kwamba hiba ya mwananchi ni safi kwa kuwa ni ya mwananchi hawajayatazama mashamba ya miwa. Iko pia hofu. Agosti 2021 asasi 54 zilisimamishwa kwa pamoja, miongoni mwao moja inayofuatilia miradi ya mafuta, na mfanyabiashara mwenye akili hatataka jina lake lionekane katika orodha ya waliochangia asasi ya namna hiyo.

Mizani

Kosa la mjadala mzima, kwa maoni yangu, ni kuuliza fedha za nani badala ya kuuliza fedha za kazi gani na kwa masharti gani. Gharama za uhifadhi ni za namna tatu. Ziko za kudumu: mishahara, petroli, fidia ya mazao yaliyokanyagwa na tembo. Ziko za kuanzisha: kituo, uzio, kuhamisha wanyama, kununua ardhi. Na ziko za kusema ukweli: utafiti usiopendeza, kesi mahakamani, kumpinga mwenye nguvu anayetaka msitu. Gharama za kudumu ni deni la serikali na utalii, na pale utalii usipofika, ni deni la hazina ya serikali moja kwa moja. Asasi ikizipokea kwa hiba ya mtu mmoja imejenga juu ya maisha ya mtu mmoja. Za kuanzisha zafaa hasa kwa hiba kubwa, mradi hati ya ardhi na petroli ya miaka ijayo viwe ndani ya ombi. Za kusema ukweli ndizo ngumu kuliko zote, maana fedha za ng'ambo humpa mtawala kisingizio cha kuzifunga, kama ulivyofungwa mfuko wa utawala bora wa DGF, uliosimamishwa mwaka 2021 na kumalizika mwishoni mwa 2022, ilhali fedha za tajiri wa nchini huja na hofu yake. Hapa ndipo elfu ishirini ishirini za watu wengi, ambazo hazitajenga kituo hata kimoja, zina thamani kupita milioni za mtu mmoja, kwa sababu hazina mtu mmoja wa kutishwa.

Ukikubali mgawanyo huu, wakfu ndio mahali pazuri pa kuielekeza hiba kubwa, na mchangishaji wa Kampala afanye kazi ya kuwashawishi matajiri wafanye kwa Uganda kile ambacho wenzao 1,001 walifanya kwa makao makuu ya Ulaya. Ubaya wake usifichwe. Fedha ya wakfu ni fedha isiyotumika leo, na hakuna jambo gumu kulieleza kwa askari asiye na buti kuliko mamilioni yaliyolala benki. Tena mtaji wa Bwindi, kwa kuwa umewekezwa katika masoko ya nje, ulionja anguko la masoko hayo mwanzoni mwa karne hii. Hasara hizo ni za kuvumilika kwa taasisi inayotaka kuishi miaka 100, si kwa ile inayopambana kumaliza mwaka.

Kinachobaki ni namna ya kumpima mchangishaji mwenyewe. Bodi nyingi humpima kwa jumla ya dola za mwaka, na kipimo hicho humfanya kuwa mtumwa wa mashua. Afadhali apimwe kwa sehemu ya fedha iliyokuja bila masharti, kwa idadi ya watoaji waliorudi, na kwa hiba alizoishauri bodi izikatae. Hili halihitaji sheria mpya. Kila asasi iandike kanuni ya kupokea hiba, ikitaja nani haombwi na sharti gani halikubaliki, kisha hiba inayozidi kiwango fulani itangazwe pamoja na masharti yake, si katika ripoti ya Kiingereza inayopelekwa ng'ambo peke yake, bali pia kwa Rukiga huko Bwindi na kwa lugha za wakazi wa kando ya Murchison, kwenye ubao wa ofisi ya baraza la mtaa (LC) ambapo mtu aliyekanyagiwa mihogo na tembo aweza kuisoma na kuuliza. Wafadhili wawili watatu watachukia na kujitoa, na bodi yapasa kuliandika pengo lao katika bajeti ya mwaka huo kabla kanuni haijatangazwa.